Duka la Miwani Baada ya Polycarp

Kaka yangu Polycarp alifariki Jumanne asubuhi, akiwa amepiga magoti chini ya meza ya duka. Alikuwa anachomeka waya wa kompyuta. Waridi, anayepokea wateja, alidhani bado anatafuta tundu. Akamwita, "Kaka Poly, umelala huko?" Hakuitikia. Daktari alisema ni moyo.

Duka letu la miwani lipo Mchafukoge, Dar. Tuna tawi Buguruni na jingine Kivukoni. Mimi napima macho. Polycarp alitunza kompyuta zote. Ikigoma ya Buguruni, alikwenda. Ikigoma ya Kivukoni, alikwenda. Sote tuliingia kwenye kompyuta kwa jina lake na kwa neno lake moja la siri. Tuliona huo ndio undugu.

Tulimsafirisha hadi kwetu Rombo, tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo kwa mama. Siku ya kuanua matanga, wazee waligawa vitu vyake kama ilivyo desturi. Koti alipewa baba mdogo. Simu alipewa Elibariki, mtoto wa dada yetu. Elibariki akafuta kila kilichokuwamo, akatoa laini ya marehemu, akaweka yake. Hakuna aliyeona ubaya. Simu ni simu.

Tulirudi Dar, tukafungua duka. Waridi akaandika neno la siri, akakosea. Akarudia, akakosea tena. Mwishowe akaunti ikajifunga. Matawi nayo yakapiga simu: kwao pia hapafunguki. Akaunti ilikuwa moja kwa wote. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi: namba ya kuthibitisha itatumwa kwenye simu ya Polycarp.

"Simu ya nani?" Waridi akauliza. Simu alikuwa nayo Elibariki, na laini ya kaka haikuwamo tena.

Ndani ya kompyuta zile kulikuwa na vipimo vya macho ya wateja wetu wote. Polycarp aliviingiza mwenyewe, mteja mmoja mmoja, tangu baba yetu akiwa hai. Tukamwita fundi wa mtaani, akaangalia kidogo.

"Hii nafuta kila kitu, dada. Tunaanza upya, chapchap."

"Na vipimo?"

"Si utawapima tena!"

Nilimwambia asubiri. Sikutaka kumpoteza kaka yangu mara ya pili. Na duka la miwani lisilojua macho ya wateja wake halidumu.

Mchana alikuja Zamda kutoa pole. Yeye ni jirani, anatunza kompyuta za ofisi ya mizigo iliyo ghorofa ya juu. Nikamweleza yote.

"Nyie Wachaga bwana!" akasema. "Mkifiwa mnahamisha kila kitu, hadi funguo za duka!"

"Na nyie wa Pwani mnazika kabla chai haijapoa," Waridi akamjibu.

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha Zamda akawa makini.

"Msifute kitu. Laini yake iko wapi? Siulizi simu, nauliza laini."

Nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Laini ninayo. Nimeifunga kwenye pindo la khanga."

"Tunaomba uitume Dar."

"Celina, mtoto nimemzika. Na namba yake mnataka kuizika?"

Zamda akaomba simu.

"Shikamoo, mama. Mimi Zamda, jirani wa Polycarp. Namba haifi. Tunaitaka mara moja tu, itufungulie mlango. Tukishaingia, duka litapata mlango wake lenyewe. Laini itarudi kwako."

"Wewe ni Mwislamu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niapie."

"Wallahi, itarudi."

Laini ilikuja kwa basi, imebandikwa kwenye kipande cha boksi. Zamda akaiweka kwenye kitochi cha zamani, simu ndogo ya vitufe. Kwanza ziliingia meseji nyingi za watu. Hakuzifungua. "Hizi si za duka," akasema. Kisha ikaja namba ya kuthibitisha. Tukaingia. Vipimo vyote vilikuwepo.

Waridi alipiga makofi. Zamda akamtuliza. "Bado. Mkiacha hivi, kesho mtafungiwa tena. Hamisheni usimamizi kwenye wingu."

"Wingu gani tena?" Waridi akauliza.

"Si la mvua, dada. Ni kompyuta kubwa za kampuni, ziko mbali, mnazifikia kwa intaneti. Mnaandikisha humo kila kompyuta ya duka. Halafu mnaziona zote kwenye ukurasa mmoja, mkiwa mmekaa hapahapa."

Alianza kwa kufungua akaunti kuu kwa jina la duka, siyo kwa jina la mtu. Akatutaka tuchague wasimamizi wawili. Kila mfanyakazi akapata jina lake na neno lake la siri. Namba za akiba za kuingilia tulizichapa, tukazifungia kwenye kasha la chuma. Kompyuta ya Mchafukoge iliandikishwa kwanza. Tulipoona inafanya kazi vizuri, tukaandikisha za matawi.

"Na ikiibwa ya Buguruni?" nikauliza.

"Unaifunga ukiwa hapa. Ikipata intaneti tu, inajifunga. Mwizi hasomi macho ya mtu."

"Na vipimo vitakuwa salama?"

"Hapo msichanganye mambo. Kusimamia kompyuta siyo kutunza nakala. Nakala za vipimo tunaziweka mahali pengine, na kila mara mjaribu kama zinafunguka."

Waridi akakuna kichwa. "Na mimi nikikosea tena neno la siri?"

"Utajifungia peke yako. Celina atakufungulia."

"Basi kuanzia leo namheshimu!"

Laini ilirudi Rombo kwa basi lilelile. Mama alipoipokea alinipigia. "Yule Zamda wako ni mtu," akasema.

Wiki iliyofuata Nice, mfanyakazi wetu wa tawi la Kivukoni, alipiga simu. Kompyuta yake ilikuwa inakataa kuchapa. Mkono wangu ulitafuta jina la Polycarp kwenye simu. Nikauzuia. Nikafungua ukurasa wa usimamizi, nikaipata kompyuta yake, nikarekebisha mipangilio. Mteja wa Nice akaondoka na karatasi yake.

Sasa kompyuta zetu zote zina jina la duka. Wasimamizi ni mimi na Waridi. Mmoja asipokuwepo, mwingine anafungua.