Kamba Mguuni mwa Flaviana

Kila alasiri, mpunga ulipoanza kukomaa, Flaviana alivua sare za shule, akala ugali harakaharaka, akaenda kulinda ndege. Shamba lao lilikuwa pembeni kabisa mwa mashamba ya Bahi, karibu na matete. Katikati yake palikuwa na dungu, kichanja cha miti cha kukalia mlinzi, na kutoka pale zilitawanyika kamba zenye makopo matupu. Ukivuta, makopo yanagongana. Kisha unasimama, unapunga mikono na kupiga kelele, na mlinzi wa shamba la jirani anakuitikia.

"Chakula chetu cha mwaka mzima ni hicho, mwanangu," mama yake, Penina, alimwambia. "Kikiliwa, sina pengine pa kushika."

"Nalinda, mama."

Kulinda kwenyewe sasa! Flaviana alikuwa na simu aliyoachiwa na kaka yake. Si kwamba alikuwa mchezaji hodari. Gemu za magari zilimchosha, na za mpira alifungwa hata na watoto wa darasa la pili. Alichopenda ni kutazama wengine wakicheza, hasa Rodgers, kijana wa Makole, mjini, aliyerusha gemu zake moja kwa moja mtandaoni kila alasiri.

"Kumtazama mtu akicheza ni sawa na kumtazama akila," alimcheka Lameck, mwanafunzi mwenzake aliyelinda shamba la jirani. "Wewe unashiba nini?"

"Hujui raha yake wewe! Nikicheza mwenyewe nakufa mapema. Kwa Rodgers naiona gemu mpaka mwisho, na vituko vyake juu."

Ili asikose uhondo, alibuni ujanja. Alijifunga kamba mguuni, akalala chali kwenye dungu, hedifoni masikioni, macho kwenye simu, mguu ukitikisika. Makopo yalilia muda wote, na mama yake akiyasikia kutoka nyumbani alitulia. Masikini Flaviana, hakujua kwamba ndege nao wana akili. Kelele isiyo na mtu wanaizoea upesi.

Jumamosi moja upepo ulikatika ghafla, joto likakaba. Upande wa matete wingu jeusi liliinuka, likajikunja, likashuka, likainuka tena. Walikuwa kweleakwelea, ndege wadogo wanaomaliza nafaka.

"Flaviana! Wanakuja kwako!" Lameck alipiga kelele.

Hakuitikiwa. Makopo tu yaliendelea kulia, kwa mwendo uleule.

Kwenye simu, Rodgers alikuwa akilinda kijiji dhidi ya mazimwi. Jua la kwenye gemu lilizama, na kitu kikaanza kumnyemelea. Moyo ukamdunda Flaviana. Akaandika haraka: "Angalia nyuma yako!"

Kivuli kikapita juu ya kioo cha simu. Akadhani ni wingu la mvua. Kikapita tena, kikakaa. Akachomoa hedifoni, akasikia mvumo mzito pande zote. Akageuka taratibu, kwa woga.

Rangi ya mpunga ilikuwa haionekani tena. Ndege walikuwa wamejazana juu ya masuke, na mabua yameinama kwa uzito wao. Alitikisa mguu kwa nguvu zote. Hakuruka hata mmoja.

"Mama wee!"

Aliruka chini, kamba ikamvuta, akaanguka kifudifudi matopeni. Lameck alifika mbio akipiga debe, nyuma yake Penina akipunga kanga, kisha majirani. Walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka, ndipo wingu lile likainuka na kwenda zake. Sehemu kubwa ya mpunga ilikuwa imepona, lakini upande wote wa matete yalibaki makapi.

"Mbona makopo nilikuwa nayasikia?" mama alisema. "Ndege wa mwaka huu wana balaa!"

Majirani wakakubali. Lameck aliiona kamba, akanyamaza. Flaviana naye angeweza kunyamaza, lakini macho ya mama yake yalimshinda. Akaunyoosha mguu.

"Si ndege, mama. Ni mimi. Nilikuwa natazama gemu. Nisamehe."

Mama hakumpiga. Aliinama, akaifungua ile kamba polepole.

"Kutazama gemu sikukatazi," alisema hatimaye. "Ukimaliza kazi, tazama. Ila simu itabaki nyumbani mpaka tuvune, na wewe utasimama. Huyo Rodgers wako akifa anaanza upya. Suke likiliwa, limeliwa."

"Ndiyo, mama."

"Na kilichoniuma zaidi si mpunga, Flaviana. Kila nilipoyasikia makopo yale nilisema moyoni: sina wasiwasi, binti yangu yupo."