Vidonge vya Siku ya Nyama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kununua mbuzi, Bishar Muhumed alijichoma kidole. Alitia tone la damu kwenye mashine yake ndogo ya kupimia sukari. Kisha alimwita mkewe aje kuona.

"Hibaq! Sita nukta moja!"

"Mashallah," Hibaq alijibu kutoka jikoni.

Bishar alikuwa mfanyabiashara wa mifugo mjini Kitengela. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa mrefu na mwembamba kama fimbo yake ya kuswagia mbuzi. Miaka mitatu nyuma, aliambiwa ana kisukari. Siku hiyohiyo Hibaq aliitoa sukari nyumbani. Mandazi yakahama. Mgeni aliyetaka sukari kwenye chai alipewa pole.

Daktari pia alisema Bishar apunguze wali na ugali. Hibaq akaona mume wake ataisha kwa kukonda. Basi akamwongezea nyama ya kondoo, hasa ule mkia wenye mafuta. Anjera nayo, ile chapati laini ya Kisomali, akaimwagia samli mpaka ikaogelea. Samli haina sukari, sindio? Nyumba nzima iliridhika na hoja hiyo.

Ndiyo maana Bishar hakuelewa kitu siku aliyoenda kliniki ya kisukari kule Kajiado mjini. Daktari Keziah aliisifu sukari yake. Halafu akageuza karatasi, akasema mafuta kwenye damu yamezidi. Mafuta mabaya yalikuwa nne nukta nane. Kwa Bishar, hayakutakiwa kupita mbili na nusu. Alimpa vidonge vya miezi mitatu, kimoja kila siku. Alisema mafuta hayo yanaweza kuziba mishipa ya moyo.

Aliposikia neno moyo, Bishar aliogopa. Kaka yake alikufa kwa moyo mwaka uliopita, akipakia mbuzi kwenye pikapu. Jana yake alikuwa mzima, anacheka. Daktari aliendelea kueleza, na alieleza vizuri, lakini Bishar hakusikia tena. Mafuta? Yeye? Alijitazama tumbo. Tumbo lenyewe halikuwepo.

"Labda hiyo damu ni ya mtu mnene," alimwambia mkewe jioni.

"Lakini jina ni lako."

"Jina ni langu. Mafuta sijui ni ya nani."

Bishar alifikiri mpaka akachoka. Mwishowe akajitungia jibu. Dawa ya kichwa humezwa kichwa kikiuma. Dawa ya kuhara humezwa ukihara. Basi dawa ya mafuta itamezwa siku ya mafuta. Siku za nyama, kama zile za soko la mifugo la Bisil, alimeza kidonge. Siku za anjera alikipumzisha kidonge, maana samli aliihesabu kuwa maziwa.

Miezi miwili ikapita hivyo. Ndipo Naipanoi alipokuja. Yeye alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, na alitembelea nyumba za mtaa ule na mkoba wake mgongoni.

"Sopa, mzee," alimsalimia kwa Kimaasai.

"Epa! Karibu, Naipanoi. Leo asubuhi niko na tano nukta tisa!"

"Hiyo ni nzuri sana. Na ile dawa ya kolesteroli iko wapi? Ile ya mafuta ya damu."

Bishar akaileta. Naipanoi akahesabu. Akarudia kuhesabu.

"Mzee, ulipewa vidonge tisini. Siku sitini zimeisha. Hapa nilitaka kupata thelathini. Naona sabini na moja."

"Eeh, mimi sipotezi dawa," Bishar alisema kwa fahari. "Nameza siku ya nyama peke yake."

Naipanoi alibana midomo asicheke. Kisha uso wake ukabadilika.

"Sasa hizo siku zingine, nani analinda moyo wako?"

Hibaq akatoka jikoni, akasimama mlangoni.

"Mimi hii maneno inanichanganya," Bishar alisema. "Sukari iko chini. Mwili ni mwembamba. Situmii hata sigara. Hayo mafuta yanatoka wapi?"

"Wewe unajua mbuzi kuliko mimi," Naipanoi alisema. "Ushawahi kuchinja mbuzi mwembamba, halafu ukakuta figo imefunikwa na mafuta?"

"Mara nyingi."

"Na ukimshika mgongo sokoni, hayo mafuta ulikuwa unayasikia?"

"Hapana. Mpaka umpasue."

"Basi na sisi watu ni hivyo. Mafuta ya damu hayaonekani kwa tumbo. Hayaumi. Hata mashine yako ya sukari haiyaoni. Ni kipimo kingine cha damu, na mtu wa kisukari anafaa kupimwa angalau mara moja kwa mwaka."

"Lakini mimi nimemaliza sukari!"

"Umeishusha, hujaimaliza. Na kisukari hakiharibu sukari peke yake. Kinaharibu pia vile mwili unapanga mafuta. Yale mabaya yanaongezeka. Yale mazuri, yenye kusafisha mishipa, yanapungua. Mabaya yanaganda kwa mishipa polepole. Siku moja mshipa unaziba. Ukiziba kwa moyo, moyo unaumia. Ukiziba kwa ubongo, ni kiharusi."

Bishar alikuwa anamwona kaka yake kando ya ile pikapu.

"Sasa kama sijakula nyama, kidonge ni cha nini?"

"Ini lako linatengeneza kolesteroli kila siku, hata siku umefunga. Kwa hivyo dawa ni kila siku."

"Hata siku ya maharagwe?"

"Hata siku ya maharagwe."

"Hata Ramadhani?"

"Hata Ramadhani. Unameza ukishafuturu. Na ukisikia misuli inauma bila sababu, rudi kliniki uambie daktari. Usiache dawa kimyakimya."

"Na samli?" Hibaq aliuliza kwa sauti ndogo.

"Samli ni mafuta, mama. Na ule mkia wa kondoo pia."

Hibaq aliketi. Machozi yakamtoka.

"Miaka mitatu nimemlisha. Nilifikiri namtunza. Kumbe namuua kwa mkono wangu!"

"Hapana," Naipanoi alisema, akamshika bega. "Huyu mzee sukari yake imeshuka kwa sababu yako. Hili lingine hukulijua. Na hata bila samli, kisukari kingeweza kumpandishia mafuta. Mkono ulioondoa sukari unaweza kuondoa na samli."

Wakapanga pamoja. Hibaq angepika kwa mafuta kidogo ya alizeti, yaliyopimwa kwa kijiko. Nyama ingekuwa kidogo, isiyo na mafuta. Mboga, maharagwe na samaki vingeongezwa. Bishar naye angetembea nusu saa kila siku. Vidonge viliwekwa kando ya mashine ya sukari, ili mkono unaochukua hiki uchukue na kile.

Anjera bila samli ilimshinda Bishar siku tatu za kwanza. Alilalamika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Siku ya nne Hibaq aliipika na mchuzi wa maharagwe, nyanya nyingi na bizari. Bishar alikula mpaka mwisho. Kisha akasukuma sahani.

"Kuna nyingine?"

Miezi miwili baadaye, vidonge vikikaribia kuisha, walienda Kajiado wote wawili. Damu ikapimwa. Walipoketi mbele ya daktari Keziah, Hibaq aliogopa karatasi ya majibu kuliko mwenye damu.

"Mafuta mabaya, mbili nukta tatu," daktari alisema, akatabasamu.

Bishar akaomba asomewe tena. Akasomewa tena.

"Basi nimepona? Niache dawa?"

"Hapana, mzee. Imeshuka kwa sababu unameza na unakula vizuri. Ukiacha, itapanda. Endelea vivyo hivyo, na vipimo usikose."

"Nitameza," Bishar alisema. "Kila siku. Wallahi."

Hibaq alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia. Alilia kwa furaha, na pia kwa hofu yote aliyoificha kila aliposhika kijiko. Wauguzi walipita. Foleni yote ilikuwa inatazama.

Bishar na mkewe walikuwa wameoana miaka ishirini na tisa, na Bishar hakuwahi kumshika mkono mbele za watu. Siku hiyo alimfuata nje, akamshika.

"Twende nyumbani ukanipikie," alimwambia. "Bado niko."

Watu wakazidi kutazama. Akawaacha watazame.