Jiwe la Mkebe

Mulama wa Mbotela ni rafiki yangu na hana porojo, kwa hiyo usinibishie. Kazi yake iko Industrial Area, kwenye stoo ambako mawe yaliyochimbwa chini sana hufungiwa mikebeni na gesi yake kupimwa kwa mapovu majini. Juzi bosi wake, Kaluki, alimtuma alete mkebe uliokwisha mapovu, jiwe lisagwe. Stima ikapotea. Gizani akasikia mapovu ya mkebe uleule. Akabana pumzi, yakanyamaza. Akapumua, yakaanza tena.

"Madam, hili tusilisage."

"Jiwe halina mapafu, Mulama. Ama umechoka na kazi?"

Stima iliporudi alimkabidhi Kaluki mkebe, akatoka mpaka getini. Mashine ya kusagia ilipoanza kunguruma kule ndani, alikohoa. Kiganjani mwake mlikuwa na unga mweusi wa jiwe.