Konsatina ya Bibi Gobnait

Bisha ukitaka, lakini Fiachra, mpiga konsatina mwenzangu, si mwongo. Mwongo ni mimi, na hata mimi siwezi kutunga hili.

Mchana mmoja wa mvua, huko kaunti ya Clare, alikwenda kwa jirani yake Sorcha kuomba konsatina ya mama mzazi wa huyo Sorcha, marehemu Bibi Gobnait. Ni kile kinanda kidogo cha kuvuta na kusukuma kwa mikono miwili. Mashindano ya muziki yalikuwa Jumamosi na chake kilikuwa kimepasuka.

"Kipige vizuri, uende nacho," Sorcha akamwambia. "Ila ukizidisha vikorombwezo, hayo mapambo yenu ya vidole, mama atakuzomea. Yeye aliweka kimoja tu, pale wimbo unapogeuka."

"Mama wee! Mimi bila vikorombwezo ni uji bila sukari."

Akaanza. Kila alipovuta, mfuko wa ngozi ulimpumulia usoni harufu ya kabichi iliyochacha na meno ya bandia. Vitufe viliteleza kama vina mate. Akazidi kumwaga mbwembwe. Vidole vilirukaruka, lakini wimbo ukatoka mtupu, bila pambo hata moja. Kisha, pale unapogeuka, kikasikika kikorombwezo kimoja safi, kwenye kitufe ambacho hakukigusa.

Akakitua mezani. Kikavuta pumzi chenyewe, ndefu, yenye makohozi.

Fiachra alitapikia buti zake, akatoka mbio.

Hapo ndipo huwa naishia ninaposimulia. Nisichosema ni kwamba nilimcheka, nikaenda kukichukua mimi. Nakipiga kila siku. Harufu ya bibi imekwisha kabisa. Sasa kinanuka mdomo wangu.