Meseji Tatu Zilizofutwa Juu ya Kichuguu

Ndugu zangu wa Mchombe, wa Mofu, na kote tunakohamia mashambani mpunga ukianza kubeba, nipeni masikio. Nawasimulia habari za nyumba moja, na sitaipamba.

Jioni ile shambani, ng'ambo ya Mofu, kulikuwa kumetulia. Ndege wala mpunga walikuwa wameondoka. Digna alikuwa ameshuka kwenye dungu la kulindia mpunga na debe lake la kufukuzia ndege, sasa anageuza kambale juu ya makaa. Binti yake Eveline alikuwa mtoni anaosha vyombo. Mume wa Digna, Fulgensi, alikuwa amesimama juu ya kichuguu kando ya shamba, kwa sababu mtandao ulishika pale tu. Kila jioni alipanda, akawasha simu dakika tano, akaizima ili chaji ifike Jumapili, siku ya kwenda kuichaji.

"Mama Eveline!" aliita. "Wamekuja tena hawa."

"Wanasemaje?"

Fulgensi akasoma neno moja moja. "'Hongera. Umechaguliwa. Namba yako ya uthibitisho ni nne, sifuri, saba, moja, nane. Usimpe mtu mwingine. Thibitisha ndani ya siku kumi.'"

Digna akacheka mpaka kambale akataka kumwangukia motoni. "Umechaguliwa na nani, na hayo matope miguuni? Ndiyo hiyohiyo iliyomliza shemeji Raimundi. Futa!"

Kweli, mwaka juzi Raimundi, mdogo wake Fulgensi, alijibu meseji ya hongera, na hela zote za mpunga zikatoka kwenye simu yake. Tangu siku hiyo, nyumba ile ilikuwa na sheria: namba usiyoijua, futa.

"Nimeshafuta," alisema Fulgensi.

Eveline alirudi na sufuria kichwani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri sayansi. Mwezi mmoja nyuma alikwenda Ifakara kuomba nafasi ya chuo cha uuguzi, kwa Beno mwenye steshenari, kwa kuwa siku hizi maombi hayapokelewi kwa karatasi. Beno alimwuliza namba ya simu. Hakuwa na simu, akataja ya baba. "Majibu yatakuja kwenye simu hiyo," Beno alisema. Nyumbani, Fulgensi alielewa kwamba Beno atapiga.

"Baba, majibu bado?"

"Beno hajapiga."

"Labda yameandikwa. Naomba niangalie."

Digna ndiye aliyejibu. "Uangalie nini? Mtoto wa kike akishaanza kuchezea simu, hata kwenye dungu hapandi. Baba yako ana macho."

Eveline akapakua wali.

Naona mnatikisa vichwa. Msitikise. Niambieni kwanza, simu ya nyumbani kwenu anaishika nani?

Meseji ya pili ilikuja siku ya tano. Fulgensi hakuimaliza. Ya tatu ilisema zimebaki siku mbili.

"Sasa wanatutisha," alisema Digna. Ikafutwa nayo.

Mpunga ukaiva, wakavuna, wakarudi kijijini. Mwezi wa saba Digna na Eveline walikwenda Ifakara, wakaingia steshenari.

"Shikamoo, mama. Eveline, mbona uko hapa?" Beno aliuliza. "Si ulipaswa kuwa chuoni?"

"Nilipata?"

Beno akafungua kompyuta. Akasoma, akakuna shingo. "Ulipata. Walituma namba ya kuthibitisha mara tatu kwa simu ya baba. Nafasi haikuthibitishwa, wakampa mwingine. Nilijaribu kuwapigia, mkawa hampatikani."

"Ifungue tena," alisema Digna.

"Mama, mfumo umeshafunga. Hapa hakuna mlango wa kupiga hodi."

Walipiga namba iliyoandikwa kwenye ukurasa wa chuo. Ikaita mpaka ikakata. Wakapiga tena. Ikakata.

Nne, sifuri, saba, moja, nane. Digna aligundua kwamba zilikuwa bado kichwani mwake, zimekaa kwa mpangilio. Alitaka kusema, "Mimi ndiye niliyesema futa." Eveline hakulia. Aliaga vizuri, akamkumbusha mama yake chumvi. Wakanunua chumvi.

Njia nzima Digna alingoja uchungu uje. Haukuja. Aliona nyumba zinapita, watu wanaanika mpunga kwenye maturubai, na hakusikia chochote kifuani. Usiku alimwambia mumewe yote. Fulgensi alikaa kitandani na viatu vyake, akasema, "Sawa." Hawakulizungumza tena.

Msimu uliofuata walihamia tena shamba lilelile. Jioni ya kwanza Fulgensi hakupanda kichuguu. Alimnyooshea binti yake simu kwa mikono miwili.

"Shika wewe, mwanangu. Itakaa kwako."

Eveline akapanda, akaiwasha. Ikalia mara moja. Digna akasimama na mwiko mkononi.

"Nini, mwanangu?"

"Hongera, nimeshinda gari," alisema Eveline kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Ni matapeli, mama."

Akaifuta. Akaizima kuokoa chaji, akashuka, akaenda kuangalia kamba za debe kwenye dungu.

FUNZO

Wazazi wenzangu, Fulgensi na Digna hawakuwa wabaya. Waliogopa wezi, na waliogopa kwa haki. Kosa lao ni kumfungia nje ya simu mtu pekee nyumbani aliyejua anangoja nini. Mtoto akiomba chuo, mpe namba yake, au mwache aisome yako kila siku. Kabla ya kuondoka steshenari, uliza: majibu yatakuja kwa maneno gani, na kwa siku ngapi? Ukitilia shaka meseji, usiijibu, lakini usiifute kabla ya kumwonyesha anayejua.

Na nyinyi mnaohamishia kila kitu mtandaoni, njooni siku moja mpande kichuguu hiki. Andikeni jina la mtoto kwenye meseji. Jina moja tu, Eveline, lingetosha.