Mguu wa Ghanim

Ghanim na mkewe Mauza walikuwa na duka dogo karibu na soko la Kariakoo. Ilikuwa miaka ya utawala wa Mwingereza. Waliuza sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Jumatatu moja asubuhi, Ghanim alikuwa anafagia baraza ya duka. Lori la mizigo likarudi nyuma kwa kasi. Dereva hakupiga honi. Lori lilipanda baraza, likavunja nguzo, likambana Ghanim ukutani. Mguu wake ukavunjika.

Mauza alitoka mbio. Hakujua herufi za Kizungu, lakini aliitazama namba ya lori. Aliokota kipande cha mkaa akaichora ukutani, vilevile alivyoiona. Kisha yeye na hamali mmoja, Abbasi, wakampakia Ghanim kwenye mkokoteni, wakampeleka hospitali.

Siku ya tatu msimamizi wa mwenye lori alifika hospitali. Alileta shilingi ishirini na karatasi.

"Bwana mkubwa anakupa pole," alisema. "Tia sahihi hapa."

Ghanim alijua kusoma, lakini kwa herufi za Kiarabu. Karatasi ile ilikuwa ya Kiingereza. Maumivu yalikuwa makali. Akaichukua kalamu.

"Ngoja, mume wangu," alisema Mauza. "Tusomewe kwanza."

"Huniamini, bibi?" aliuliza msimamizi.

"Sikujui, bwana. Niachie karatasi. Pesa zako ondoka nazo."

Jioni ile Mauza alipiga hodi kwa jirani yake Theophil. Theophil alitoka Kilimanjaro, na alikuwa karani wa wakili. Aliisoma karatasi kimya, kisha akamweleza.

"Bibi Mauza, hapa imeandikwa kwamba Ghanim aliingia barabarani bila kutazama. Kosa ni lake, na hatadai kitu tena."

"Barabarani? Alikuwa barazani kwake!"

"Ndiyo maana wanataka sahihi. Polisi mmekwenda?"

"Bado."

"Nenda kesho. Wape namba ya lori. Muombe daktari cheti kinachoeleza jeraha. Polisi wakiona kosa watamshtaki dereva. Lakini fidia ni dai jingine. Hilo mtalipeleka mahakamani ninyi wenyewe, na wakili wangu atawasaidia. Msikawie. Na mtafute mtu aliyeona."

Aliyeona ni Abbasi. Lakini Abbasi aliogopa.

"Mama, mimi nabeba mizigo ya tajiri yule mwenye lori. Nikisema, kesho sina kazi."

"Sikuombi uniongezee neno," alisema Mauza. "Sema ulichokiona tu. Wewe ndiye uliyemwinua pale chini."

Abbasi aliinamisha kichwa. "Nitakuja," alisema.

Miezi saba ikapita kabla ya kesi kusikilizwa. Mahakamani, wakili wa tajiri alimkazia macho Abbasi.

"Mtu huyu alikuwa katikati ya njia, sivyo?"

"Sivyo, bwana. Alikuwa barazani, ana fagio mkononi. Nguzo iliyovunjwa ipo palepale. Nendeni mkaitazame."

Hakimu alisoma cheti cha daktari na taarifa ya polisi. Akaamua kwamba mwenye lori amlipe Ghanim gharama za matibabu, hasara ya siku ambazo duka lilifungwa, na fidia ya mguu. Mauza alishusha pumzi ndefu. Ghanim alimshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Tajiri hakumpa Abbasi kazi tena. Ghanim ndiye aliyemwajiri. Yeye mwenyewe sasa alitembea kwa fimbo, na magunia mazito hakuyaweza tena. Duka lilifunguliwa, likapata wateja wengi kuliko zamani.

Siku moja mwanamke aitwaye Winifrida aliingia dukani akilia. Mumewe alikuwa amegongwa na motokaa huko Mchikichini. Mkononi alikuwa na karatasi.

Mauza alimvutia kiti.

"Mumeo ameshatia sahihi?"

"Bado, dada."

"Basi futa machozi," alisema Mauza, akijifunga buibui yake. "Twende polisi."