Gaju Aliuzwa Juu ya Tembo wa Feza

Wapapa na wamama wa Nyamitaba, mukae chini munisikilize, na musinikate maneno, juu leo niko na hasira. Mimi ni Mukagasana, jirani wa Papa Sebagabo. Mambo haya niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka wa 1954 nyumba ile ilikuwa na amani. Ugonjwa ulikuwa umemaliza ngombe zao zingine, ikabaki moja tu, Gaju. Kila asubuhi Mama Mukakalisa alimukamua akiimba polepole wimbo wa kanisani. Mutoto wao Honoré, mwenye tumbo lililokataa karibu kila chakula, alikunywa kikombe chake, na yaliyobaki yakaenda sokoni. Maziwa ile njo ilimuweka mutoto ule. Hiyo muishike vizuri.

Sisi wamama wa huku, munajua, tunafichaka feza za chuma ndani ya siagi. Mwizi gani atatia mukono ndani ya kibuyu cha siagi ya mwaka jana, na harufu ile? Mukakalisa alikuwa na zile faranga mbili-mbili za wakati wa vita, za pembe sita, zenye tembo. Zilikuwa kumi na mbili.

Siku moja ya soko akafika Gustave, muntu wa mujini, na kisanduku chake na kioo cha kuonea vitu vidogo. Akasema kuko wazungu kule Ulaya wanaokusanya feza za zamani, wanalipa kwa cheo: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mukakalisa akatoa zake, akazipangusa siagi kwa kitambaa. Zote zikangaa.

"Lakini hii moja sikio la tembo limefutika," akasema, juu alikuwa mwanamuke wa kweli. "Mutoto aliichezea kwenye jiwe."

"Si kitu, Mama. Kwa hizi naangalia pembe tu. Pembe iko kali, feza inangaa: ya kwanza."

Akalipa faranga makumi mbili kwa kila moja. Papa Sebagabo aliona, na tamaa ikamuingia palepale.

"Na zile kubwa za faranga hamsini, zenye tembo vilevile?" akauliza.

"Ikiwa ya kwanza, mia tatu."

Yoo! Mwanaume hakulala. Asubuhi akamuambia muke wake, "Mama Honoré, tuuze Gaju tununue zile za hamsini, kwa mwezi moja tutakuwa na ngombe tatu."

"Na mutoto atakunywa nini huo mwezi moja?"

"Uji wa mutama. Hatakufa."

Baba gani anasema vile? Mukakalisa alilia, alipiga magoti, bure. Gaju akauzwa kwa Védaste, ule anayepelekaka ngombe za nyama Walikale. Sebagabo akapita mulango kwa mulango akitafuta feza za hamsini. Watu walipoona ana haraka, wakapandisha bei: mia moja kwa kila moja! Akanunua makumi mbili na ine.

Zilikuwa nyeusi kwa moshi wa nyumba. Mukakalisa akamuambia, "Ziweke kwanza ndani ya siagi, zilale humo wiki mbili."

"Siagi ya wapi?" Sebagabo akafoka.

Ya wapi, kweli! Kibuyu kile cha zamani kilitosha feza ndogo kumi na mbili tu, na ngombe amekwisha kuenda. Basi mwanaume akachukua majivu na muchanga, akazisugua vile tunasuguaka sufuria, siku nzima, mupaka tembo akabaki bila macho. Lakini zilingaa! Si kungaa njo Gustave alisifu?

Gustave akarudi kwa soko la mwezi uliofuata, akazitazama mara moja tu.

"Ya tatu. Faranga kumi-kumi."

"Papa, ukingo uko kali! Feza inangaa!"

"Ile ni kwa zile za pembe sita. Kwa hizi za hamsini naangalia tembo, na wewe umemuchubua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Sebagabo akakimbia dukani, angalau apate hamsini yake. Mwenye duka akakataa: "Tembo gani huyu? Hizi ni za uongo, toka hapa kabla sijaita polisi."

Nikamuona Mukakalisa anachukua moja, anaikata alama ndogo kwa kisu, anamupa Evode, mupishi wa muzungu wa plantasyo, lile shamba kubwa, mwenye viatu na kifransa kingi. Evode akaenda kwa Gustave, akasema bwana wake njo amemutuma. Gustave akatazama viatu. Feza hakuitazama.

"Ah, nzuri sana! Ya kwanza. Mia tatu."

Mukakalisa akaichomoa mukononi mwa Gustave, akaiinua juu. "Watu wote muone! Hii ni ile ile aliyoita ya tatu, na alama yangu hii hapa! Wee Gustave, unapima feza ao unapima muntu?"

Watu wakapiga kelele, mawe yakaokotwa. Gustave akafunga kisanduku, akaruka ndani ya kamyo, mupaka leo hajarudi. Sebagabo akamukimbilia Védaste. Gaju alikuwa amekwisha kuchinjwa kule Mpofi, kwa njia ya Walikale, siku kumi zilizopita.

Sasa munamucheka Sebagabo. Munamutukana Gustave. Vizuri, mutukane, mushenzi ule. Lakini niulize: nani alimuuzia Sebagabo feza ya hamsini kwa mia? Wewe, Semana. Wewe, Papa Callixte. Na mimi, Mukagasana, nilimuuzia mbili, nikanunua kitambaa, nikaenda nacho misa. Nilijua Gaju ameuzwa. Nilijua mutoto anakunywa nini.

Honoré miguu imekuwa vijiti. Kila asubuhi napeleka chupa ya maziwa. Mukakalisa anaipokea, anafunga mulango, haniambii hata aksanti. Na yuko na haki.

FUNDISHO

Muntu akikuletea kipimo, umuulize mbele ya watu: kipimo hiki ni kimoja kwa vitu vyote na kwa watu wote? Akisita, umufukuze. Wewe baba, kile kinachomulisha mutoto wako hakiuzwi juu ya faida ya kusikia. Na sisi majirani, tukiona mwenzetu ameshikwa na tamaa, tumukamate mukono. Tusimupandishie bei. Tulimupandishia, na mutoto njo analipa.